Tasa

Lugha yetu imekupa jina zito: namba tasa.
Aliyekubandika hakukuuliza.
Aliona hugawiki ila kwa moja na kwa nafsi yako,
akafunga daftari, akaenda kula.

Kule Oulu, kaskazini mwa Ufini, ambako Januari
jua huchungulia kama mgeni asiyevua koti,
wanakuita namba ya mwanzo.
Hilkka Vuotila halijui jina letu, nami sitamwambia.
Ana miaka sabini na mmoja. Hakuzaa.
Zamani walimuuliza, kwenye kahawa ya baada ya ibada,
mpaka alipoacha kwenda.

Katika chumba chake cha kufulia
kompyuta kuukuu inanguruma usiku na mchana.
Juu yake soksi za sufu zinakauka.
Kazi yake ni moja, kama ya mpeta mchele:
anza na nne, izidishe kwa yenyewe, toa mbili,
gawanya, rusha kilichogawika, shika baki.
Baki nalo lizidishe kwa lenyewe, toa mbili, gawanya.
Rudia.

Jaribu kwa thelathini na moja, inayoenea kiganjani:
nne yaleta kumi na nne;
kumi na nne yaleta mia tisini na nne, ikipetwa hubaki nane;
nane yaleta sitini na mbili,
na sitini na mbili ni thelathini na moja mara mbili.
Hakuna baki. Sifuri. Ni tasa!
Mwalimu wangu wa darasa la sita
hakuniambia kuna mtihani ambao sifuri ndiyo kufaulu.

Ya Hilkka haienei kiganjani.
Ni mbili kwa mbili kwa mbili,
zaidi ya mara milioni mia na thelathini, kisha toa moja.
Iandike kimashine: ni moja tupu,
moja, moja, moja, bila sifuri hata ya kupumzikia,
kama misonobari ya barabara ya Kajaani.
Iandike kwetu: tarakimu milioni arobaini.
Zisome kwa sauti, moja kila sekunde,
usile, usilale, usikohoe,
utamaliza baada ya mwaka na siku tisini na nane,
na ya mwisho utakayotamka ni moja au saba.
Hilo tunalijua.

Dada yake alipiga simu: "Na bili ya umeme?"
"Soksi zinakauka," alijibu Hilkka.

Lakini turudi kwenye jina.
Tasa ni asiyezaa, na wewe umezaa mno.
Saba ina kumi na nne, ina ishirini na moja,
ina sabini na saba, na haijamaliza, wala haitamaliza.
Iache moja na upweke wake; zilizobaki zote
zina damu ya tasa fulani.
Usicho nacho wewe ni wazazi.
Hata yatima si jina lako,
maana yatima alizaliwa.

Siku ya arobaini na tatu, Jumanne,
Hilkka aliingia kuchukua soksi.
Kiooni palikuwa na baki, refu, chafu, si sifuri.
Basi si tasa. Inagawika.
Kwa ipi? Mashine haisemi.
Ushahidi wa ajabu: unaapa kwamba mtoto ana wazazi
na haumtaji hata mmoja.
Huenda sote tukafa kabla hawajajulikana.

"Kumbe unao wako," akakiambia kioo.
Sijui kama ilikuwa huruma au wivu.
Kifini hakijanifika kiasi hicho.

Akaandika kipeo kipya, nacho tasa,
maana kipeo kisipokuwa tasa hakuna haja ya kuanza.
Akabonyeza. Feni ikavuta pumzi.
Soksi moja ilikuwa bado mbichi kwenye vidole.
Akairudisha palepale.